Mkanda wa Jeshi

Maradhi mengine humwacha mtu yakatoweka. Mengine huaga mlangoni yakajificha uani. Tetekuwanga ni ya namna hii ya pili. Mtoto huugua siku chache, malengelenge hukauka, mama hushukuru, na nyumba husahau. Lakini kirusi hakikutoka. Kilipanda kwa mishipa ya fahamu hadi katika mafundo yake kandokando ya uti wa mgongo, na humo huweza kulala miaka hamsini na zaidi, askari wa damu wakikichunga kisiamke.

Mwaka 1965 daktari Mwingereza, Edgar Hope-Simpson wa mji mdogo wa Cirencester, alitoa rai hiyo baada ya kuandika habari za visa 192 vya mkanda wa jeshi kwa miaka 16. Aliona kuwa umri ulipozidi, ugonjwa nao ulizidi. Uzee haukumwita adui kutoka nje. Ulimlegeza mlinzi wa ndani.

Dhiki nayo hulegeza. Huko Ohio, Marekani, mwaka 1995, wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa waliopotewa na kumbukumbu walitiwa kijeraha kidogo mkononi. Kwa wastani kilichelewa kupona siku 9 kuliko cha wenzao wasiouguza mtu.

Bibi mmoja wa pwani aliyajua haya kwa ngozi yake. Alimwuguza mumewe aliyepooza miaka miwili, akilala saa chache. Alipomzika, kabla ya eda kwisha, ulimtokea ubavuni mstari wa moto: maumivu kwanza, kisha malengelenge, upande mmoja tu, kama mshipa mmoja upitavyo. Hapana awezaye kupima ni kipi kilichomlegeza mlinzi wake, miaka, kukesha au huzuni, yamkini vyote.

Majirani hawakungoja kupima. Tangu miaka ya 1980 mkanda wa jeshi umejulikana kuwa dalili mojawapo ya Ukimwi, kwani maradhi hayo huwaua askari wa damu. Shemeji zake wakaacha kula alichopika. Alipimwa, akaonekana hana. Vipele vilikauka, lakini mshipa uliojeruhiwa ulimwuma miezi mingi, hata kanga ilipomgusa.

Shemeji walirudi mezani wakiona wametenda haki. Na kama angalikuwa nao, je, chakula chake kingalikuwa sumu? Mwuguzaji naye huhitaji mwuguzaji. Yeye alipewa hukumu.