Dakika kumi mbele ya uso wa mtoto

Riga, mji mkuu wa Latvia, uko kando ya Mto Daugava, karibu na pale mto huo unapoingia katika Bahari ya Baltiki. Huko Desemba ni mwezi wa giza. Jua huchomoza watoto wakiwa tayari darasani na huzama kabla ya saa kumi jioni. Kucheza nje ni kwa muda mfupi, hivyo wazazi hutafuta mahali pa kuwapeleka watoto penye joto na taa. Pamoja kati ya hapo ni ukumbi wa vikaragosi, ambao mji huo umekuwa nao tangu mwaka 1944.

Mwaka 1978, Latvia ikiwa bado chini ya Muungano wa Kisovieti, mwongozaji Herz Frank na mpiga picha Juris Podnieks waliingia na kamera kwenye onyesho la vikaragosi la watoto mjini humo. Kamera yao haikutazama jukwaa hata kidogo. Waliwageuzia lenzi watoto waliokaa gizani, hasa mvulana mmoja mdogo, wakamrekodi mfululizo bila kukata.

Filamu iliyopatikana ni ya dakika kumi, nyeusi na nyeupe, na jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Mkubwa kwa Dakika Kumi". Haina msimulizi wala mazungumzo, muziki tu. Mzazi wa Mwanza au Mombasa anaweza kuitazama bila kujua neno moja la Kilatvia na asipotewe na kitu.

Anachokiona ni uso. Mvulana anatabasamu, kisha anashtuka. Mdomo unabaki wazi. Uso unajikunja kama wa mtoto anayetaka kulia, halafu furaha inarudi. Jukwaani kuna nini? Mtazamaji haonyeshwi, lakini anajua lini jambo baya limetokea na lini limepita, kwa sababu mtoto anamwambia kwa macho.

Mtoto hasikilizi kwa masikio tu

Kwa mtu mzima, kikaragosi ni kitambaa na mbao. Kwa mtoto mdogo hofu yake ni hofu kamili: mapigo ya moyo huongezeka, pumzi hubadilika, misuli hukaza. Mara nyingi hana bado maneno ya kueleza yanayompata, ila uso wake unaeleza. Kazi ya mzazi ni kuwepo ili ausome.

Hapo ndipo filamu hii ya zamani inapogusa nyumba za leo. Watoto wengi hutazama hadithi zao kwenye simu, na mara nyingi mzazi humpa mtoto simu ili yeye apate nafasi ya kupika au kufua. Ni jambo linaloeleweka, mzazi ana mikono miwili tu. Lakini mtoto anaposhtushwa na alichokiona, hakuna aliyeuona uso wake.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Unashauri pia kwamba muda wa kukaa utumike kusoma na kusimuliana hadithi pamoja na mlezi.

Huhitaji ukumbi wa Riga kwa hilo. Soksi kuukuu iliyochorwa macho mawili inatosha kuwa kikaragosi, na hadithi ya sungura na fisi unayo tayari. Leo usiku, baada ya chakula, weka simu kando na usimulie kwa dakika kumi. Ukifika pale fisi anapotokea, nyamaza kidogo umtazame mwanao usoni. Akiogopa, msogeze karibu kabla hujaendelea.