Sindano ya kabla ya majaribio

SEHEMU YA 1

Wapendwa, najua niliahidi kuendelea na somo la presha. Presha tutarudi, naomba mniwie radhi. Hili la leo nimekaa nalo muda mrefu, na mwenyewe kanipa ruhusa niliandike mradi nisimtaje jina.

Mnaoijua Mazinde mnajua tulivyokaa. Ukishapita Mombo kuelekea Moshi, upande mmoja mkonge, upande mwingine milima ya Usambara imesimama kama ukuta, katikati barabara kuu. Mabasi yanapita mchana na usiku. Vijana wetu wanakua wakiyaangalia, na kila mmoja anajiambia ipo siku na mimi nitapanda, sitarudi hivi hivi.

Mtoto wa kaka yangu ni winga. Wakati huo alikuwa na miaka 19. Mbio zake hata watani zangu wa timu pinzani walikuwa wanakiri. Siku moja jamaa mmoja akapiga simu: kuna timu ya Ligi Kuu inafanya majaribio ya siku mbili, njoo na viatu vyako. Hakualikwa na timu, hakuna barua, hakuna wakala. Ni "njoo ujaribu bahati yako." Kaka akauza gunia la mahindi, mama yake akakopa kwenye kikoba, nauli ikapatikana.

Usiku wa kuamkia safari, saa mbili, nikasikia hodi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona unatembea hivyo?"

"Goti linasumbua kidogo tu."

Nikamlaza kwenye kochi. Goti lina joto, limejaa maji, na halinyooki mpaka mwisho. Kumbe aliumia wiki mbili nyuma kwenye mechi ya mtaani na hakumwambia mtu. Nikamwambia usiende. Akaniangalia, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Shangazi, nichome tu sindano ya maumivu. Siku mbili tu. Nikishapita, watanitibu wao."

Nilimchoma.

SEHEMU YA 2

Wenzangu wa kazi mnaosoma hapa, najua mmeshtuka. Mna haki. Hapakuwa na daktari aliyeandika, hapakuwa na faili, ilikuwa sebuleni kwangu. Sijifichi nyuma ya mtu yeyote.

Sasa niwaeleze wasio wa kazi hii nilifanya nini hasa. Ile sindano ya diklofenaki haitibu goti. Inapunguza kemikali ambazo mwili unazitoa mahali palipoumia, zile zinazoleta uvimbe na kukufanya usikie maumivu. Ukiipata unajisikia umepona. Lakini kilichochanika kimebaki kimechanika. Mimi nilizima king'ora, moto nikauacha unawaka.

Kuna na mengine. Dawa za kundi hili zinakwaruza tumbo, na kwa mtu anayekimbia juani bila maji ya kutosha zinaumiza figo. Na sindano yenyewe ikichomwa vibaya kwenye tako inaweza kugusa mshipa wa fahamu, mtu akaanza kuburuta mguu. Kwa hiyo ukiona mtu uwanjani anachoma vijana wenzake sindano kabla ya mechi, kimbia.

Halafu goti lisilonyooka lote. Hilo si la "kusumbua kidogo." Mara nyingi kuna kitu ndani kimechanika na kinakwama kwenye bawaba. Nililijua hilo nikiwa nimeshika bomba la sindano mkononi. Nilijua, na nikachoma.

SEHEMU YA 3

Siku ya kwanza aling'ara. Alinipigia jioni, sauti iko juu: "Shangazi, kocha kauliza natoka wapi!" Nyumbani wakaanza kupanga mambo ambayo hata siyasemi.

Siku ya pili, kipindi cha pili, akageuka na mpira. Hakuna aliyemgusa. Mguu ukabaki, mwili ukageuka, akasikia "tak". Kabla jua halijazama goti lilikuwa kama papai. Mtu mmoja akampa barafu, mwingine nauli, na usiku huo huo yuko kwenye basi. Alishuka hapa amemshikilia konda begani.

Vipimo vikatoka: kano ya mbele ya goti imekatika, gegedu nayo imechanika.

Je, ni sindano yangu? Labda lingekatika tu. Ila najua kitu kimoja: bila sindano, siku ya kwanza asingeweza kukimbia, na siku ya pili isingekuwepo.

Aliniomba nisimwambie baba yake. Nilikaa wiki nzima, nikashindwa, nikaenda mwenyewe. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza. Halafu akasema, "Hata mimi, angekuja kwangu kwanza, ningemleta kwako umchome."

Nilitegemea anigombeze. Hilo jibu liliniumiza zaidi.

SEHEMU YA 4

Miezi ile ya kulala na mguu juu ya mto, kijana alikuwa na simu tu. Siku moja akaniita: "Shangazi njoo uone, huyu Mkenya hakuwahi kucheza huu mchezo hata mechi moja, na wakamchukua."

Ilikuwa ile futiboli ya Marekani, ya kofia ngumu. Mkenya mwenyewe ni Daniel Adongo, mchezaji wa raga. Mwaka 2013 Indianapolis Colts wakamsajili bila kupita kwenye ule mnada wao wa kuchagua vijana. Nikaona ni stori za mtandaoni, lakini tukakaa tukafuatilia, na hapo ndipo nilipoelewa jambo.

Kule kuna timu 32. Kila mwaka zinachagua vijana kwa zamu, raundi 7. Usipochaguliwa, bado timu inaweza kukuita kambini, ila unaingia kwa mlango wa nyuma. Kambini wanaingia watu 90, msimu ukianza wanabaki 53. Siku za kupunguza watu, mfanyakazi wa timu anakuja kukwambia kocha anakuita, njoo na daftari lako la mbinu. Ukiambiwa ubebe daftari umeshajua. Huyo mleta habari wamempa na jina la utani, Mturuki.

Mpaka hapo ni kama kwetu tu. Tofauti inakuja hapa: kati ya kubaki na kufukuzwa, wao wameweka chumba cha katikati. Kinaitwa kikosi cha mazoezi. Unalipwa kila wiki, unafanya mazoezi na wakubwa, siku ya mechi kwa kawaida huvai jezi. Adongo alianzia humo. Desemba 2013 wakampandisha, akacheza dhidi ya Cincinnati. Mwisho wake haukuwa wa sinema: mechi alizocheza ni chache, na mwaka 2015 akaachwa. Lakini alipewa muda wa kujifunza.

Mwaka ule ule kulikuwa na kijana wa Kimarekani, Adam Thielen. Yeye ni mpokeaji, yaani yule anayekimbia mbele kudaka mpira, nafasi inayofanana na winga wetu. Mnadani hakuna aliyemtaka. Mei 2013 akaitwa majaribio tu na Minnesota Vikings, timu ya jimbo lake, bila uhakika wowote. Akapita, akapewa nafasi kambini, walipopunguza akatupwa kikosi cha mazoezi, akakaa humo msimu mzima. Mwaka 2018 jamaa huyo huyo alianza msimu kwa mechi 8 mfululizo, kila moja akivuka yadi 100 za kudaka mpira.

Mtoto wa kaka akaniuliza: "Na wakiumia kambini?"

Mwenye mkataba akiumia kazini, timu haiwezi kumpa nauli na kumwambia kwaheri. Inamweka kwenye orodha ya majeruhi akiendelea kulipwa, au wanakubaliana fidia ndipo aondoke. Nikamsomea hilo. Akageukia ukutani, hakuongea tena siku ile.

SEHEMU YA 5

Sasa nifike kwenye ninachotaka kusema.

Tunawaambia vijana wanaoficha maumivu kuwa ni wajinga. Mimi nasema hesabu yao iko sawa kabisa. Mchezaji aliyenunuliwa kwa pesa akiumia, timu inamsubiri, maana pesa yao iko kwenye lile goti. Aliyekuja na viatu vyake na nauli ya gunia la mahindi, hakuna aliyeweka kitu kwake isipokuwa nyumbani. Akisema "naumwa" siku ya majaribio, wanaita namba inayofuata. Kwa hiyo ananyamaza, anakuja kwa shangazi yake nesi usiku.

Na sisi nyumbani tunamsaidia kunyamaza. Tunataka atoboe. Kila mtu ana Samatta wake kichwani, lakini hata Samatta mwenyewe alikwenda kwa ngazi: Simba, kisha Mazembe kule Lubumbashi mwaka 2011, kisha Genk mwaka 2016, ndipo Aston Villa mwaka 2020. Miaka yote hiyo ya katikati hatuihesabu. Tunahesabu ngazi ya mwisho, halafu tunampa kijana siku mbili.

Mzazi, mlezi, kabla hujatoa nauli, uliza haya: Akiumia pale uwanjani, nani anamtibu? Ana bima, na inatumika huko anakokwenda? Kuna mtu wa afya pale uwanjani, au barafu tu? Akikosa safari hii, anaweza kurudi tena? Ukijibiwa "hayo tutaona," ujue wa kuona ni wewe.

Na wewe kijana: goti lililovimba, lisilonyooka, au linalokuponyoka ukitembea, halichezi. Pumzisha, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, funga bendeji, inua mguu, nenda kapimwe. Majaribio yatakuja mengine. Sisemi ni rahisi. Nasema kano haijui kama leo ni siku yako.

Kwa upande wangu, chumba cha katikati ambacho hatukupewa, tulikitengeneza barazani kwangu. Upasuaji tuliambiwa gharama yake, tukachanga, ukachukua muda. Baada ya hapo ni mazoezi: kukaza paja, kupanda na kushuka ngazi moja, kusimama kwa mguu mmoja huku nahesabu. Kila jioni nikiwa sina zamu. Alilia, alinuna, kuna wiki hakuja kabisa. Anafundisha watoto mpira Jumamosi, na hela ndogo anapata kwa kusaidia dukani.

Juzi kaja tena usiku, saa mbili vile vile. Kuna bonanza. "Shangazi, nipime, naweza?" Nikamlaza kwenye kochi lile lile. Goti limenyooka lote. Lakini paja la mguu ule bado jembamba kuliko la mwenzake, na alipochuchumaa kwa mguu mmoja likayumba. Nikamwambia bado.

Kaondoka bila kuaga. Kesho yake kaja jioni, kavua viatu, kaanza kupanda ngazi. Hakuna aliyesema kitu, nikaanza kuhesabu.

Mwenye swali la goti aniulize, nitajibu nikitoka zamu. Presha tunarudi Jumatano.