Mzee Asiyetupa Neno

Nani hakumcheka Internet Explorer? Kivinjari kizee! Mimi ninayetengeneza kurasa za intaneti nilimlalamikia kila siku, maana wateja wangu walikuwa bado na toleo la 8, la mwaka 2009, lisilojua kuchora hata kona ya mviringo.

Lakini sikilizeni. Kanuni ya CSS tangu 1996 ni kwamba kivinjari kikikuta sifa kisiyoijua, kiiruke. Firefox 3 ilitii. Uliiandikia border-radius: 8px, ikatupa palepale. Ukiiuliza kwa JavaScript kupitia getComputedStyle, kimya, kama vile hukuandika kitu.

Mzee je? Kona alizichora za pembe vilevile, ila neno lenyewe hakulitupa. Muulize currentStyle['border-radius'], anakujibu: 8px. Kumbe alilitunza bila kulielewa! Waliotengeneza CSS3 PIE walipitia mlango huohuo: wakasoma ile thamani, kisha wakachora kona kwa VML, lugha ya michoro aliyoijua yeye. Wateja wangu wakapata kona zao bila kununua kompyuta mpya.

Microsoft ilimstaafisha Juni 2022. Siku hizi sifa tunazojibunia wenyewe, kama --rangi, vivinjari vya kisasa huzitunza bila kuuliza maana yake. Tabia ya mzee imekuwa kanuni.

Nami ninayeandika nikijua wengine hawatanielewa leo, namtaka msomaji wa namna hiyo: haelewi, sawa, lakini hatupi.