Mtaa wa Carama: Mtoto Si wa Mtu Mmoja

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Bujumbura na kushika njia ya kaskazini huiacha Ngagara nyuma yake, akaipita Kinama, na mwishowe akafika Carama, mahali ambapo mji unaanza kukutana na mashamba ya bonde la Imbo. Upande wa mashariki vimesimama vilima vinavyopanda kuelekea ndani ya Burundi. Upande wa magharibi, ng'ambo ya mto Rusizi, huonekana milima ya Kongo ikiwa na rangi ya buluu asubuhi na ya kijivu mchana. Ziwa Tanganyika haliko mbali, na kwa kuwa nchi hapa ni ya chini kuliko sehemu nyingi za Burundi, joto lake ni kali na mbu wake hawana huruma.

Carama ni mtaa uliokua miaka ya karibuni. Nyumba za matofali na mabati zimepangana pamoja na nyingine ambazo kuta zake bado zinangoja paa. Aghalabu wenye nyumba hizi hawakuzaliwa hapa. Wametoka mikoani, na hilo si jambo dogo kwa Mrundi. Tangu zamani Warundi hawakukaa katika vijiji vilivyosongamana. Kila familia ilikuwa na rugo lake mlimani, limezungukwa na migomba na shamba la maharage, na jirani akaitwa kwa kupaza sauti. Bibi alikuwa karibu, shangazi alikuwa karibu, na mtoto alijifunza kutembea akitazamwa na macho ya ukoo mzima.

Familia ichukui ukoo mgongoni inapohamia mjini. Baba na mama wanaofika Carama na watoto wawili au watatu wadogo hujikuta katika kiwanja chembamba, ukuta huku na ukuta kule, na kila nyumba imekuwa kama kisiwa. Swali linalowakabili ni moja: nani atasaidia kulea?

ASUBUHI HUANZA MAPEMA

Kabla jua halijachomoza juu ya vilima, moshi wa mkaa umekwisha kupanda katika nyua. Mama anaandaa uji, huku kitinda mimba akiwa amebelekwa mgongoni, kichwa kimelala upande. Mtoto wa Burundi huiona dunia kwanza kutoka mgongoni mwa mama yake: hufika naye sokoni, kanisani au msikitini, na shambani, na hulala usingizi wake mzuri mama akiwa kazini. Mbeleko ndiyo kitanda chake cha kwanza.

Wenye kazi mjini huondoka mapema. Mwezi Machi 2022 serikali ilikataza pikipiki, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya mji wa Bujumbura, na miaka iliyofuata mafuta ya magari yakawa adimu mara kwa mara. Kwa wakazi wa mitaa ya kaskazini hayo yalikuwa na maana ya kutembea kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni. Mzazi atembeaye hivyo humwacha mwanawe amelala na humkuta anasinzia.

Watoto wakubwa kidogo nao wana zamu zao. Msichana wa miaka minane hufagia uwanja kabla ya shule, na kaka yake hupanga foleni ya maji akiwa na dumu la manjano. Bomba likiwa kavu, siku nzima hugeuka kuwa siku ya kutafuta maji. Chakula cha mchana hakina siri: ugali wa muhogo na maharage, pengine lengalenga au sombe iliyopikwa kwa mawese, na pesa ikipatikana, ndagala wa ziwani. Watoto hula pamoja. Akitokea mtoto wa jirani wakati wa kula, hunawa mikono akakaa, wala haulizwi ametoka wapi.

Hapo ndipo jibu la lile swali linapoanza kuonekana. Warundi husema, «Umwana si uw'umwe», yaani mtoto si wa mtu mmoja. Mlimani methali hiyo ilihusu ukoo. Carama imewalazimu watu kuipa maana pana zaidi, kwa sababu ukoo uko mbali na jirani yuko ukutani.

JINA NA KARAMU YA UZAZI

Mwanamke akijifungua, majirani huja kumpongeza na kumletea chochote walicho nacho, chakula, kinywaji au sabuni. Desturi hiyo huitwa guhemba. Mama aliyefika mtaani akiwa mgeni kabisa huweza kuwafahamu majirani wake wote kwa juma moja tu, kwa sababu ya kichanga kimoja. Watu waliokuwa wakipitana bila maneno hukaa ukumbini kumtazama mtoto, na kila mmoja akatoa maoni yake kuhusu pua yake.

Jina nalo lina mazungumzo yake. Burundi haina desturi ya watoto wote kubeba jina la baba. Kila mtoto hupewa jina lake lenye maana. Nzeyimana ni yule ambaye wazazi wake walimtumaini Mungu. Ndayishimiye ni shukrani. Mapacha huitwa Bukuru na Butoyi, mkubwa na mdogo, na anayezaliwa baada yao ni Ciza. Hivyo mtu akisikia mtoto anaitwa Ciza, huelewa mara moja kwamba nyumba hiyo ilipata kubeba mapacha, na humheshimu mama yake.

Serikali nayo ilipunguza mzigo wa wazazi. Mwaka 2005 ada za shule ya msingi zilifutwa, na mwaka 2006 matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano na huduma za kujifungua zikawa bila malipo katika vituo vya umma. Mama wa Imbo anayejua malaria ilivyo haihitaji hotuba ya kumweleza thamani ya hayo. Homa ya mtoto haingoji mshahara wa mwisho wa mwezi.

BABA AKIWA MBALI

Katika mitaa ya pembezoni mwa Bujumbura zimo familia nyingi za askari na polisi, na maisha yao yana upande mmoja ambao jirani zao raia hawaujui sana. Kikosi cha kwanza cha Burundi kilifika Mogadishu Desemba 2007 katika jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani Somalia. Baadaye askari wa Burundi huko walizidi 5,000, na ushiriki wao ulikoma mwishoni mwa 2024. Kwa miaka kumi na saba basi, kulikuwa na nyumba ambazo baba alikuwa sauti ya simu. Posho ya huko ilinunua viwanja, ikapandisha kuta na kulipa karo za sekondari. Lakini mtoto aliyeachwa akiwa mgongoni alimkuta baba akirudi yeye akiwa anakimbia, akajificha nyuma ya mama yake akitaka kujua mgeni huyu ni nani.

Wapo pia ambao hawakurudi. Tarehe 3 Mei 2022 kambi ya askari wa Burundi huko El Baraf ilishambuliwa, na simanzi ikaingia katika nyumba nyingi nchini mwao. Msiba wa namna hiyo ukifika mtaani, wanaomchukua mtoto, kumwogesha na kumlisha wakati mama yake analia ni majirani. Wazee wa mlimani watawasili kesho au kesho kutwa. Jirani yuko hapo usiku uleule.

Ujirani huu una uzito wa pekee kwa sababu ya historia ya mahali penyewe. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993, Kamenge na Kinama zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana, na wakazi wake wakatawanyika. Mapatano yalitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, na mwishoni mwa 2004 likaundwa jeshi jipya la taifa lililowaweka pamoja watu waliokuwa wakipigana. Wakati huo watoto wa leo hawakuwako. Wao hucheza mpira wa matambara na mifuko uliofungwa kwa kamba, wakagombana kuhusu goli, wakapatana kabla ya giza. Mwana wa aliyekuwa porini na mwana wa aliyekuwa kambini wanaweza kuwa timu moja. Salamu yao ya kila siku, Amahoro, maana yake ni amani, na wanaitamka bila kujua bei yake.

MVUA NA MITARO

Adui mwingine hana bunduki. Maji yanayoshuka kutoka vilimani hupita katika mitaa ya kaskazini kabla ya kufika ziwani. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mvua kubwa ilisababisha mafuriko yaliyobomoa nyumba katika sehemu za Kamenge, Kinama na jirani zake. Watu zaidi ya 60 walikufa, wengi wao wakiwa watoto waliokuwa wamelala. Mwanzoni mwa 2023 kipindupindu kilitangazwa Bujumbura, na upande huohuo wa kaskazini ukaguswa. Mtaro ulioziba taka basi ni jambo la malezi, sawa na uji na chandarua.

Kwa sababu hiyo Jumamosi asubuhi, katika kazi za jumuiya zilizo desturi nchini Burundi, koleo na jembe vina kazi kubwa kuliko maneno. Baba anayezibua mtaro mbele ya lango la mwenziwe amemlinda mwana wa mwenziwe. Na maji hayo yakipita salama, hayatarudi kwake.

Wanapochoka watu wazima, watoto hufanya kikao chao kivulini. Kirundi cha nyumbani, Kiswahili cha mtaani na Kifaransa cha shuleni hukutana katika sentensi moja, na hakuna anayeuliza tafsiri. Mtoto wa miaka mitano hapa huweza kumsalimu bibi yake aliyekuja kutoka mkoani kwa lugha moja, akamwita mwenzake kwa nyingine.

Familia inayohamishwa kikazi kwenda mahali ambapo haina ndugu inaweza kujifunza jambo kutoka Carama. Kabla ya kutundika mapazia, mama na baba wajue jina la mtoto wa kila mlango ulio jirani, na majirani wajue majina ya watoto wao. Askari akiitwa usiku na mkewe yuko zamu hospitalini, mtoto mwenye homa hatasaidiwa na ukuta mrefu. Atasaidiwa na mlango unaofunguliwa mara moja kwa sababu anayebisha anajulikana, na mtoto aliye mgongoni mwake anajulikana pia.