Barua kutoka Glasgow: Kitanda chake kiko ubavuni mwetu

Shangazi yangu mpendwa,

Mjukuu wako ananyonya vizuri, kitovu kimeshadondoka na uzito unapanda. Natumaini joto la Tanga halijakuzidi na kwamba goti limepata nafuu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikarudia. Uliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeumia, kama ni kweli mtoto mchanga analazwa kwenye kitanda chake mwenyewe kama mgeni. Najua umeuliza kwa mapenzi. Kwetu mtoto wa siku chache hana kitanda. Ana mama, ana bibi, ana shangazi, ana mgongo na kanga. Usiku analala ubavuni mwa mama ndani ya chandarua, na mchana hakai chini, mikono inampokezana. Nimeona nikujibu kwa barua iliyotulia, maana si wewe peke yako unayeuliza, na yapo mambo niliyofundishwa huku ambayo natamani hata binti zako wayajue.

Kwanza ujue tunavyoishi. Tuko ghorofa ya pili, katika yale majengo ya mawe ya zamani yaliyojaa Glasgow. Kabla sijajifungua, serikali ya Uskoti ilituletea sanduku mlangoni. Tangu Agosti 2017 kila mama mjamzito wa huku ana haki nalo, awe tajiri au awe amefika juzi. Ndani mna nguo za miezi ya mwanzo, blanketi la matundu, kipimajoto, vitabu, na kitambaa kirefu cha kumfungia mtoto kifuani. Nilipokikunjua kitambaa hicho moyo wangu ulifurahi, kwa maana ni mbeleko hasa. Sanduku lenyewe ni la karatasi ngumu na lina godoro lake dogo. Ukitoa vitu, mtoto anaweza kulala humo wiki za kwanza. Wazo hili wamelitoa Finland, ambako masanduku kama hayo yalianza kutolewa mwaka 1938 kwa akina mama wa kipato cha chini, na mwaka 1949 yakawa ya kila mama, mradi aende kliniki mapema.

Serikali inaleta sanduku, watu haileti. Baba mtoto amepata likizo ya wiki mbili tu, kisha amerudi kazini. Mimi sheria inaniruhusu kukaa nyumbani hadi wiki 52, lakini kuanzia asubuhi mpaka jioni ni mimi na mtoto. Hakuna mama mdogo wa kunipikia mtori, hakuna wa kunikanda, hakuna wa kusema "nipe mtoto, nenda kaoge." Mzazi aliye peke yake lazima awe na mahali salama pa kumweka mtoto anapochoka. Manesi wa huku wanasisitiza sana jambo hili, na kitu wanachokiogopa kuliko vyote ni kochi. Mama anakaa kunyonyesha usiku, usingizi unamchukua, mtoto anateleza kwenye pembe ya kochi na pua inazibwa. Kitanda kimewekwa ili yasitokee hayo.

Na hicho kitanda hakiko chumba cha pili, Shangazi. Ushauri wa huku ni kwamba mtoto alale chumba kimoja na wazazi, usiku na mchana, kwa miezi 6 ya kwanza. Chake kimegusana na chetu. Nikinyoosha mkono nafika kifuani kwake, na akikohoa nimeshaamka.

Sasa nije kwenye lile lililokutisha zaidi kwenye video niliyokutumia: kwamba analala chali, bila mto, bila kofia, na kitanda kitupu. Kila kimoja kina sababu yake.

Zamani huku nao waliwalaza watoto kifudifudi. Daktari Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilisomwa dunia nzima, alipendekeza hivyo tangu miaka ya 1950, kwa hofu hiyohiyo uliyo nayo, kwamba mtoto akicheua akiwa chali atapaliwa. Wakati huo watoto wenye afya walikuwa wakikutwa asubuhi wamekufa kitandani bila ugonjwa wowote kujulikana. Mwaka 1991 mtangazaji wa televisheni wa Uingereza, Anne Diamond, alimpoteza mwanawe Sebastian hivyo. Katika msiba wake akapata habari kwamba New Zealand walikuwa wameshaanza kuwahimiza wazazi wasiwalaze watoto kifudifudi. Akasimama kidete, na kufikia Desemba mwaka huohuo serikali ilizindua kampeni ya kuwataka wazazi wawalaze watoto chali. Tangu hapo vifo vya namna hiyo vimepungua Uingereza kwa takribani asilimia 80. Fikiria ni nyumba ngapi hazikulia kwa sababu ya agizo moja lisilogharimu hata senti.

Na kupaliwa je? Nesi alinichorea kwenye karatasi. Njia ya hewa iko mbele, njia ya chakula iko nyuma yake. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa inakuwa juu, na maziwa yanayorudi yanabaki chini, anayameza tena. Akiwa kifudifudi mambo yanageuka, njia ya hewa ndiyo inayokuwa chini. Halafu akilala uso ukiwa umezama kwenye godoro anaivuta tena ile hewa aliyoitoa, na joto linamzidi. Kuhusu kichwa kuwa bapa, dawa yake ni kumlaza kifudifudi mchana akiwa macho, wewe ukimwangalia, ili shingo na mabega vikomae.

Mto, foronya, mdoli, shuka lililolegea, vyote vimeondolewa ili kisiwepo kitu cha kumfunika pua. Godoro ni gumu na tambarare. Miguu yake inagusa mwisho wa kitanda, ndiyo maana ulimwona amelala chini sana, hata ukadhani ameteleza. Akiwekwa hivyo hana pa kuteremkia, hawezi kuingia chini ya blanketi, na blanketi lenyewe limechomekwa pande zote lisivuke mabega.

Kofia nayo: mtoto mchanga hupoza mwili kwa kichwa. Nje, penye barafu, tunamfunika vizuri. Ndani ya nyumba kofia inamchemsha. Chumba kinatakiwa kiwe kati ya nyuzi 16 na 20, baridi ambayo Tanga hamuijui hata usiku wa Julai, na mwanzoni mkono wangu ulitaka kuwasha mashine ya joto mpaka mwisho. Nilifundishwa kupima kwa kidole, siyo kwa hofu. Viganja na nyayo za mtoto mchanga huwa za baridi, hizo hazisemi kitu. Unaingiza vidole nyuma ya shingo au juu ya kifua. Pakiwa na jasho, punguza nguo moja. Pakiwa na uvuguvugu mkavu, mwache alale.

Baada ya hayo yote linabaki swali la mama: atakubalije kulala humo? Maana mikononi amelala fofofo, ukimgusisha godoro tu macho yamefunguka.

Hapa ndipo nimejifunza mengi. Usingizi wa mtoto mchanga unaanza na usingizi mwepesi: kope zinachezacheza, anatabasamu, anaguna, anajinyonganyonga. Karibu nusu ya usingizi wake ni wa namna hii. Ukimlaza wakati huo, anaamka. Lazima usubiri. Baada ya muda pumzi inakuwa moja kwa moja, ngumi inafunguka, na ukiinua kimkono chake ukakiachia, kinaanguka kama hakina mwenyewe. Hapo usingizi umeingia.

Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani, wakiongozwa na Kumi Kuroda, walipima mapigo ya moyo ya watoto wachanga 21 huku mama zao wakiwabeba, wakikaa nao na kuwalaza. Waliona kwamba mtoto anayelia hutulia akibebwa na mama anayetembea, dakika tano mfululizo bila kusimama, na wengine husinzia humohumo. Kukaa tu umempakata hakutoshi. Waliona pia kwamba kinachomwamsha siyo godoro. Moyo unaanza kwenda mbio pale mwili wake unapoachana na mwili wa mama. Ushauri wao ni kwamba akisinzia ukae naye dakika tano hadi nane kabla ya kumlaza. Shangazi, nilipoyasoma hayo nilikukumbuka wewe ukizunguka ua na mtoto mgongoni huku ukipepeta mchele. Ulikuwa unafanya walichokuja kukipima kwa mashine.

Kwa hiyo nafanya hivi. Nikishamnyonyesha namweka begani abeue, natembea naye ukumbini, halafu nakaa. Mkono ukishalegea naenda kitandani na kuinama mpaka kifua changu kinakaribia godoro, tukiwa bado tumegusana. Nashusha makalio kwanza, kisha mgongo, kichwa mwisho kabisa, polepole, mikono yake nimeikusanya kifuani. Kichwa kikitangulia au kikishuka ghafla, anahisi anaanguka na kurusha mikono yote miwili. Mshtuko huo daktari Ernst Moro aliueleza mwaka 1918 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kila mtoto mwenye afya huzaliwa nao, na huisha mwenyewe kabla ya nusu mwaka. Akishalala siondoki. Kiganja kimoja kinabaki juu ya kifua chake mpaka pumzi itulie, ndipo naanza kukipunguza uzito, kidole kimoja kimoja. Shuka lake nalilalia mimi kwanza usiku mmoja kabla ya kulitandika kwa kulikaza chini ya godoro, ili alale penye harufu yangu.

Kuacha kiganja kifuani nilioneshwa na jirani yetu wa chini, mama mmoja kutoka Bukavu, Kongo, aliyelea wanawe wote hapahapa Glasgow. Alikuja kuniona na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, akamchukua mtoto, akatembea naye akimwimbia taratibu, akamlaza. Nilipotaka kurudi kwenye kiti akanizuia: "Acha mukono. Akuwe anakusikia." Kiswahili chake na changu vinatofautiana, lakini siku ile nilijihisi nina dada.

Kuna akina mama huku wanaoambiwa na rafiki zao wamwache mtoto alie mpaka azoee. Kwa mtoto mchanga hilo halina msingi, na manesi wenyewe wanalikataa. Tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama yanameng'enywa upesi, ni lazima aamke ale. Hata usiku na mchana hajavijua bado. Mwili wake huanza kuvitofautisha akiwa na miezi miwili mitatu. Kwenu jua humsaidia, linachomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Hapa Desemba linatoka karibu saa tatu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, na Juni bado kunaonekana nuru saa nne usiku. Kwa hiyo mchana wake tunautengeneza: tunafungua mapazia, tunaongea kwa sauti, tunatoka naye hata kwenye manyunyu. Usiku taa ni hafifu, nepi inabadilishwa bila maneno, na akishanyonya anarudi kulala.

Sisemi kwamba mama wa Tanga anayelala na mwanawe ndani ya chandarua anakosea. Chandarua kinamkinga na malaria, na huenda hana kitanda cha pili wala nafasi ya kukiweka. Nasema awe macho na mambo machache. Mtoto awe chali. Mito na mablanketi mazito yakae mbali naye. Asilale kati ya watu wawili waliochoka. Aliyekunywa pombe au anayevuta sigara asilale na mtoto mchanga. Na aliyezaliwa kabla ya wakati, au chini ya kilo mbili na nusu, alazwe pake, karibu na mama lakini pake.

Mwanao anajifungua mwezi wa tatu. Siku zile za mwanzo mzazi hana sauti. Wakubwa waliokaa chumbani ndio wanaoamua mtoto avishwe nini na alazwe vipi. Mimi nikimpigia simu atanisikiliza, kisha atawatazama nyinyi. Ndiyo maana nimekuandikia wewe. Mkunga akishaondoka na mtoto ameshiba, naomba uwe wa kwanza kusema, "mlazeni chali." Ukisema wewe, hakuna atakayebisha, na wadogo zangu watawalaza hivyo watoto wao bila hata kukumbuka walifundishwa na nani.

Msalimie kila mtu. Mkwe wako anakuamkia.

Mwanao,
Glasgow