Sikugusa Kitu

Mama yangu akinipigia simu kuhusu kompyuta huanza na maneno yaleyale: "Mimi sikugusa kitu." Hata salamu bado. Halafu ananyamaza, anangoja nimwambie kosa ni la nani.

Ana saiba Voi, chumba kimoja karibu na soko, kompyuta tatu, printa moja na mashine ya fotokopi ambayo ni kongwe kumshinda ndugu yangu mdogo. Kabla ya hapo alikuwa mpiga taipu. Alikaa nje ya mahakama miaka kumi na kitu akiwaandikia watu viapo na barua za mashamba. Taipureta ikikwama aliifungua mwenyewe na bisibisi, akaipangusa, akatia mafuta ya cherehani, kazi ikaendelea. Kompyuta ndiyo ilimfanya ahitaji mtu. Mtu huyo ni mimi, kwa sababu mwaka wa 2019 niliitwa chuo kikuu kusomea kompyuta, na tangu siku barua ilipofika nikawa fundi wa ukoo mzima, pamoja na kwaya ya kanisa.

Shuleni tulifunzwa kuiita tarakilishi. Mpaka leo sijapigiwa simu na mtu akiniambia tarakilishi yake imekataa kuwaka.

Nimetengeneza kompyuta za Voi miaka sita nikiwa Nairobi, bila kuziona, simu ikiwa kwa spika na bando ikielekea kuisha. Kuna vitu unajifunza. Cha kwanza, kuzima si kuanzisha upya. Windows za siku hizi ukizizima, sehemu ya mfumo huwa inahifadhiwa kwa diski ili kesho mashine iwake haraka, kwa hivyo kero ya jana inaamka nayo. Ukichagua ile ya kuanzisha upya ndipo kila kitu kinamwagwa na kuanza mwanzo. Nilimaliza mwaka mzima nikimwambia Mama "izime, iwashe," na tatizo linarudi, kabla sijaelewa kwamba nilikuwa namwagiza kitu ambacho sicho.

Cha pili, printa ikigoma usiendelee kubonyeza. Mteja mmoja anataka kopi moja ya kitambulisho, haitoki, Mama anabonyeza tena, na tena, mara kumi na nne. Karatasi ya kwanza ndiyo imekwama kwenye foleni, na hizo zingine zimepanga mstari nyuma yake kama matatu kwenye jam. Dawa ni kusimamisha huduma ya uchapishaji, kufuta kila kitu kwenye foleni, kisha kuiwasha tena. Mara ya kwanza tulichukua saa nzima na nusu. Siku hizi anafanya kwa dakika tatu, au ndivyo nilivyokuja kuambiwa.

Cha tatu, vumbi. Voi vumbi ni jekundu, ndovu wa Tsavo wenyewe ni wekundu kwa sababu yake, na kompyuta yenye feni inalivuta ndani mchana kutwa. Mashine inapata joto, inajizima katikati ya kazi. Au inakataa kuwaka kabisa, inalia tu pii, pii, pii. Hapo mara nyingi ni kipande cha memori kimelegea au kimeshika uchafu. Unachomoa waya wa stima, unafungua kasha, unakitoa, unasugua yale meno ya rangi ya dhahabu na raba ya penseli, ile ya kawaida ya mwanafunzi, unakirudisha hadi kibane pande zote mbili. Mama alicheka siku nilipomwambia aazime raba. Mashine ikawaka. Hakucheka tena.

Na flashi. Mwanafunzi analeta flashi, folda zake zote zimegeuka kuwa njia za mkato, analia, projekti ni ya kesho. Faili hazijapotea, virusi wamezificha tu. Kuna amri fupi ya kuandika kwenye dirisha jeusi, na zinarudi zote. Mama aliiandika kwenye kadibodi akaibandika ukutani, kando ya bei za laminesheni.

Lakini kanuni kubwa kuliko zote haina uhusiano na mashine. Ni kuuliza: mara ya mwisho ilikuwa sawa lini, na ni nini kilibadilika kati ya hapo na sasa? Jibu huwa ni lile lile. Sikugusa kitu. Na hakuna siku hata moja imekuwa kweli. Kuna waya ulichomolewa ili mtu achaji simu. Kuna kitu kilipakuliwa. Kuna chai ilimwagika, ikapanguswa, na kibodi ikageuzwa juu chini kimyakimya. Watu hawadanganyi kwa sababu ni wabaya. Wanaogopa kwamba ukijua walichofanya hutawasaidia tena.

Najua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimegusa kitu.

Karo yangu ya chuo ilitoka kwa harambee. Kulikuwa na hema, sahani za pilau, na mpwa wa chifu akishika maikrofoni. Mjomba wangu, kaka yake Mama, aliuza ng'ombe wawili na hakutaka jina lake lisomwe. Nilisoma miaka miwili na nusu. Mwaka wa tatu, mapema 2022, karo ya muhula ilitumwa kwangu moja kwa moja ili nikalipe. Wakati huo nilikuwa nikiandika kazi za akademiki usiku, insha za wanafunzi wa ng'ambo ambao sikuwajua, na laptopu yangu ilikuwa imekufa. Nikahesabu: nikinunua laptopu, nikilipa na rent ya miezi miwili, kwa wiki sita nitakuwa nimerudisha pesa yote. Nikanunua moja ya mtumba mjini, maduka yale ya Luthuli Avenue. Wiki sita zikaisha, mteja mkubwa akaingia mitini na malipo yangu. Tarehe ya kujisajili kwa mtihani ikapita. Nikasema nitarudi muhula ujao. Wasee wengi Roysambu wanajua muhula ujao ni mahali pa aina gani.

Mwanzoni hata haukuwa uongo. Mama aliuliza masomo yanaendeleaje, nikasema yanaendelea, na ni kweli yalikuwa yanaendelea, ila bila mimi. Baadaye nikasema niko atachment. Baadaye nikasema kuna somo moja la kurudia, mahafali yamesogezwa. Kisha akaacha kuuliza, nami nikaona ni baraka. Akawa anapiga simu za kompyuta tu. Printa. Kipanya. Intaneti iko polepole. Nilikuwa napokea kila simu mara moja, hata nikiwa kwa matatu, hata nikiwa na njaa. Nilifikiri nikiwa fundi mzuri vya kutosha, siku akijua haitauma sana.

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, akanipigia saa kumi na mbili na nusu jioni. Siku hiyo, kwa mtu wa saiba, ni kama Krismasi. Ni siku ya mwisho ya kufaili ritani za ushuru, na nusu ya mji inakumbuka saa kumi jioni. Nilisikia watu nyuma yake, mtoto akilia, mtu akisema foleni ni hii.

"Mimi sikugusa kitu," akasema. "Mashine ya pili imekataa kufungua iTax."

Mawazo ya kwanza ya kila mtu siku kama hiyo ni kwamba tovuti imelemewa. Nikamuuliza, "Ya kwanza inafungua?"

"Inafungua. Ya tatu pia."

Basi si tovuti, na si intaneti, maana zote tatu zinatumia laini moja. Ni hiyo mashine. Nikamwambia, "Mama, nisomee kile kimeandikwa. Chote." Watu hufunga ujumbe wa kosa kabla ya kuusoma, kama wanafukuza nzi. Lakini mtu aliyepiga taipu mahakamani hasomi nusu. Akasoma pole pole, na kati ya maneno yote kulikuwa na hili: saa yako iko nyuma.

"Angalia pale chini kulia. Tarehe ni ngapi?"

Kimya. Kisha, "Tarehe moja Januari, elfu mbili na tisa. Huu ni wazimu gani?"

"Stima ilipotea leo?"

"Saa nane. Ikarudi saa tisa."

Nikajua. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, kama sarafu, imeandikwa CR2032. Kazi yake ni kuendesha saa ya mashine wakati hakuna stima. Hudumu miaka kadhaa, kisha inakufa bila kelele. Tangu hapo, kila stima ikipotea, kompyuta inasahau leo ni lini na kurudi kwa tarehe iliyowekewa kiwandani. Na tovuti yoyote ya maana hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayoamini ni 2009 ikiletewa cheti cha 2025 inaona kimetoka siku ambayo haijafika. Inakataa. Kwa akili yake, mwongo ni yule mwingine.

Nikamwelekeza kubadilisha tarehe kwa mkono, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha saa. iTax ikafungua. Nikasikia mtu akipiga makofi. Mama akakata simu bila kwaheri, foleni ni foleni.

Akapiga tena karibu saa saba usiku. Alikuwa amefunga. Nikamweleza kwamba ile ni dawa ya muda, anunue betri kwa fundi wa saa, si pesa nyingi, la sivyo kila stima ikipotea mashine itarudi 2009.

"Haya," akasema. Nikasikia anavuta kiti. "Umeniuliza tarehe siku nzima. Sasa wacha nami nikuulize. Graduesheni yako ilikuwa lini?"

Nilianza kusema kitu. Sikumbuki ni kitu gani, labda lile somo la kurudia.

"Unakumbuka ulinifunza Ctrl na F?" akaniuliza.

Nilikumbuka. Ilikuwa 2020, nikiwa nyumbani wakati wa korona. Alikuwa akitafuta jina la mteja kwenye orodha ya kurasa mia moja kwa kidole, mstari kwa mstari. Nikamwonyesha: bonyeza hizi mbili, andika jina, Enta. Alifurahi kama mtoto.

"Vyuo huweka orodha ya wanaohitimu kwa tovuti," akasema. "Wazazi wanakuja hapa niwachapishie. Shilingi kumi kwa ukurasa. Disemba ya 2023 nikachapisha ya chuo chako, kwa ajili ya mama mmoja. Alipoondoka nikakutafuta. Nikaandika jina lako la pili. Nikaandika la kwanza. Nikaandika namba yako ya usajili. Nikafikiri labda wamekosea herufi, nikasoma yote kwa kidole."

Mwaka mmoja na nusu. Alikuwa amejua mwaka mmoja na nusu, na katika muda huo tulikuwa tumefufua ile printa pamoja kama mara ishirini.

"Printa nilijua kuitengeneza kitambo," akasema, kama amesikia nilichofikiria. "Nilikuwa nakupigia nikisema leo atasema."

Nikasema. Karo, laptopu, mteja, mtihani, kila kitu kwa mpangilio wake. Nilijikuta nasimulia kama mteja anayetaka kusaidiwa kweli: mara ya mwisho kuwa sawa ilikuwa lini, nini kilibadilika, nani aligusa. Alisikiliza hadi mwisho. Hakulia, na hakuniambia ni sawa. Aliniambia, "Mjomba wako utamwambia wewe mwenyewe. Si kwa simu." Halafu akakata. Hakunipigia tena wiki tatu, na nilijifunza kwamba simu ya "sikugusa kitu" ndiyo ilikuwa ikinigawia wiki yangu.

Agosti nikapanda basi. Betri ilikuwa bado haijabadilishwa. Alikuwa ameiandika tarehe ya leo kwenye kadibodi nyingine na kuipachika juu ya mashine ya pili, anairekebisha kila stima ikirudi. Nikafungua kasha, vumbi jekundu likanimwagikia magotini. Nikabanua betri ya zamani kwa ukucha, nikaweka mpya, nikaiwasha, nikaseti tarehe. Nikachomoa waya, nikahesabu hadi sitini, nikarudisha. Tarehe ilikuwa mahali pake. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Hakusema kitu, lakini chai ilikuwa yangu.

Mjomba alikuja saa kumi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, nikamwambia akae. Nilimweleza yote nikiangalia viatu vyake. Mama alikuwa kwa fotokopi, anapiga kopi ya karatasi ambayo hakuna mtu aliihitaji.

Nilipomaliza, Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Na hiyo laptopu bado iko?"

"Iko."

"Ilete niione."

Nikaitoa kwa begi. Bawaba moja imevunjika, betri haishiki chaji, herufi A imefutika kabisa. Akaipakata mapajani, akaifungua na kuifunga pole pole, akaigeuza akaangalia chini, kama mtu anayekagua meno ya mnyama sokoni.

"Kwa hivyo," akasema, "hawa ndio ng'ombe wangu."

Hakucheka. Nami sikucheka. Akanirudishia, akaniuliza inaweza kuniingizia pesa ngapi kwa mwezi mzuri, nikamwambia ukweli, akatikisa kichwa. Tukakubaliana elfu mbili kila tarehe tano. Namtumia kwa M-Pesa, naye hujibu neno moja, "Imefika." Ng'ombe wa kwanza bado hajaisha.