Wajina Wangu, Andika Majina

Witeithie, Jumapili jioni

Kwa wajina wangu,

Cucu wako anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri huko. Hapa mvua imenyesha siku tatu, njia ya kutoka steji ni matope matupu, basi nimeshinda ndani na vitabu vyangu vya picha. Ndipo nikakumbuka lile ulilonieleza Pasaka, kwamba una picha elfu nane za mahafali na harusi na zote zinakaa kwenye kidude cha kutia mfukoni. Siku hiyo nilinyamaza. Leo nakujibu.

Mimi ufundi huu wa kupiga picha sikuusomea. Vitabu ndivyo vilivyonifundisha. Cha kwanza nilikinunua mjini Thika kwa muuza vitabu vya mtumba, jalada lake limeshatoka: Journey through Kenya cha 1982, picha za Mohamed Amin na Duncan Willetts. Kabla yake nilidhani picha ni mtu kusimama wima mbele ya pazia lenye mchoro wa maporomoko ya maji. Kitabu kile kikanitoa nje. Nikaanza kuamka alfajiri kuangalia Kilimambogo inavyochomoza kwenye ukungu, na jinsi jua la saa moja linavyougusa uso wa mtu kwa upole ambao halina tena ikifika saa sita. Nilijifunza mwanga. Usidhani Amin alikuwa mtu wa mandhari tu: ndiye yeye ambaye mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliiamsha dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko Addis Ababa akiwa kazini, akavaa wa bandia na kurudi kwenye kamera, hadi alipofariki Novemba 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini huko Komoro.

Kitabu kilichoniumiza ni kingine. Ni cha Priya Ramrakha, mtoto wa Nairobi aliyezaliwa 1935, akasomea upigaji picha Los Angeles, akapiga picha za vuguvugu la uhuru hapa kwetu na za wapigania haki kule Marekani. Aliuawa Oktoba 1968 katika vita vya Biafra, ana miaka 33. Baada ya hapo kazi yake ikapotea machoni pa watu. Miongo ikapita. Kisha jamaa yake wa kizazi cha baadaye, Shravan Vidyarthi, akaanza kuulizauliza, na maelfu ya picha na negatifu yakapatikana yamekaa kwenye gereji mjini Nairobi. Kitabu kilitoka 2018. Nilikiona kwa mteja wangu wa zamani, nikakaa nacho kutwa nzima, chai ikapoa mara mbili. Nilikuwa nikifunua ukurasa, nafikiria ile gereji: vumbi, joto, pengine panya. Mtu mmoja tu angesema siku ya kufagia kwamba takataka hizi zinatujazia nafasi, na yote yangekwisha.

Mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo, wajina. Nilipofunga studio yangu, kila mtu ameshaanza kujipiga kwa simu, niliwasha moto nyuma ya nyumba nikachoma maboksi ya negatifu. Filamu haiungui kama karatasi. Hujikunja, hutoa moshi mweusi mzito, huacha gundi kwenye mawe. Baba yako alikuwepo, muulize. Katika vipande vile walikuwemo watu wa Witeithie wa muda wa miaka ishirini, waliobatizwa, waliooana, wazee ambao leo hawana picha nyingine hata moja duniani. Mtoto wa mmoja wao amewahi kuja kuniuliza. Nilimtazama nikakosa la kumwambia.

Kimoja nilisalimisha, kopo la biskuti lililokuwa chini ya kitanda. Mna bahasha za mwanzoni mwa 2008, wakati familia zilizofukuzwa Bonde la Ufa zilipokuja kutafuta jamaa zao huku, nikawapiga picha za paspoti ili wapate vitambulisho vipya. Mwaka uliofuata kilitoka Kenya Burning, kitabu cha picha za machafuko yale ya baada ya uchaguzi. Sikuweza kukimaliza. Lakini kilinifanya nilitoe lile kopo. Katika bahasha moja yumo mama aliyeniomba nimpige nyingine akiwa na mtoto, kwa sababu picha zote za mtoto ziliungua pamoja na nyumba. Alisema ataichukua mwisho wa mwezi. Hakurudi. Unajua niliandika nini juu ya bahasha? “Mama na mtoto, shilingi 50, bado.” Deni nililiandika. Jina sikuuliza.

Kwa hivyo nakuomba, wajina. Katika zile elfu nane chagua mia moja, uzisafishe kwenye karatasi nzuri, nyuma ya kila moja uandike ni nani, ni wapi, ni lini. Usiandike “bibi harusi”. Andika jina lake na la mamake. Kisha zitandaze sakafuni uone ipi inakaa vizuri kando ya ipi, maana picha mbili zikilazwa pamoja husema jambo ambalo kila moja peke yake ilinyamazia. Hilo simu haiwezi kukufundisha, kwa kuwa simu huzipitisha kama matatu zisizosimama steji. Ukiona mia moja ni nyingi, anza na kumi.

Na uje Jumamosi. Panda gari la asubuhi, ulete kalamu isiyofutika na ile mashine yako ya kusoma negatifu. Tutaanza na mama yule. Cucu wako ameitazama ile filamu dirishani akashtuka, anasema uso huo ni kama wa dada wa yule anayeuza mboga karibu na steji. Tukiwahi kabla ya saa tatu, kabla wateja hawajawa wengi, tutamkuta na nafasi ya kuzungumza.

Guka wako